Kompaila Ndogo na Siku Saba za Kimya

Kanga, Mafia

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na baridi ya Makete imepungua? Mimi ni mzima, ila jua limenibabua hadi ukinipita njiani hutanijua.

Uliniuliza kwenye simu ni kazi gani hiyo ninayofanya jioni na watu nisiowaona. Tunatengeneza mfumo wa kuendeshea kompyuta, wa bure, na yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuurekebisha. Tunauandika kwa lugha iitwayo C, ila kompyuta haiielewi mpaka ipite kwenye kompaila, kama mahindi yanavyopita mashineni yakawa unga. Kompaila tunayotumia imenenepa mno. Hapa shuleni nina kompyuta kuukuu tisa, tulizoachiwa na hoteli moja ya Ghuba ya Chole, na hakuna hata moja inayoiweza. Nikapendekeza tuhamie kompaila ndogo, ili wanafunzi wangu waujenge mfumo wenyewe badala ya kuutazama tu.

Utaratibu wetu ni kwamba pendekezo likikaa siku saba bila kupingwa, limepita. Nikalijaribu kwenye laptop yangu, nikawatangazia wenzangu kwa mbwembwe kuwa kila kitu kimekubali. Wote kimya. Siku ya sita nikagundua upuuzi wangu: jaribio lilikuwa bado linaita kompaila ya zamani, ile ndogo haikuguswa kabisa! Nilipoiita kweli, ikagoma.

Niliona aibu, Baba, na nusura ninyamaze siku ile moja iliyobaki. Bi Mwanahawa, mwenye nyumba wangu, anayelima mwani, akanikuta nimejiinamia.

"Mwalimu, una nini leo? Hata chai hujaigusa."

Nikamweleza.

"Na wenzio wanajua?"

"Hawajui."

"Basi waambie, mwanangu. Mimi kamba ya mwani nikiifunga ovyo, wa kuifungua ni mimi. Ila kunywa chai kwanza."

Nikawaandikia kwamba nimekosea. Mmoja alinicheka waziwazi, mwingine akataka tubaki na ile ya zamani, mjadala ufungwe. Nikamjibu kuwa kosa ni langu, si la kompaila, wanipe muda niirekebishe. Wamenipa hadi mwisho wa Desemba. Nikishindwa, kompyuta zangu tisa zitabaki mapambo.

Kwa hiyo siji Krismasi. Inaniuma sana, maana niliahidi, na najua Mama ameshatangaza kanisa zima. Lakini siiachi. Kompaila ndogo ilipogoma ilinionyesha makosa arobaini na moja. Leo asubuhi yamebaki sita, na hayo sita ndiyo vichwa vigumu.

Nisalimie dada na shemeji, na Bibi mwambie mjukuu wake anakula samaki hadi anakaribia kuota mapezi.

Mama akiuliza, usimwambie kazi ni nyingi. Mwambie nilikosea, na nimebaki kurekebisha.

Ni mimi binti yako,
Tumaini