Usitie Sahihi Bado, Dada Rhonda

S.L.P. 61,
Cygnet, Tasmania.
15 Novemba 2009.

Mpendwa dada Rhonda,

Habari za Darwin na joto lake? Mgongo wa shemeji Keith umepata nafuu, au bado analala sakafuni? Huku sisi ni wazima, ila mvua haijatuachia. Getnet amepona kikohozi na sasa anakula kumshinda shemeji yako Clyde.

Najua fomu zenu za kuasili mtoto zimefika, na wiki ijayo mnatia sahihi. Nakuomba usome barua hii hadi mwisho kwanza, halafu umsomee na Keith.

Unakumbuka karatasi za watoto wetu zilivyosema: wamezaliwa Addis Ababa, wameokotwa kwenye lango la kanisa, wazazi hawajulikani, Wubit miaka sita, Getnet mitatu. Niliamini kila mstari. Zilikuwa na mihuri mitano.

Mwezi uliopita kundi la nyuki lilihama mzinga, likajipachika kwenye mtufaha juu ya vitunguu vyangu. Clyde akapanda ngazi na bomba lake la moshi, kavaa kama anakwenda mwezini, na bado akaumwa mara nne. Wubit alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaenda kwa jirani, akarudi na mavi makavu ya ng'ombe ndani ya kopo, yanafuka.

"Clyde, shuka. Wewe unawagombeza tu."

Akapanda mikono mitupu, akawapulizia moshi taratibu, akalikung'utia kundi zima kwenye kikapu changu cha nguo. Mtoto wa mjini, wa miaka sita!

"Nani kakufundisha?" nikamuuliza.

"Baba. Ana mizinga kumi na miwili."

"Alikuwa nayo," nikamsahihisha.

"Anayo."

Nikamwambia si vizuri kusema uongo. Dada, neno hilo linanichoma mpaka leo.

Tangu siku hiyo nikawa nawachunguza. Yeye na Clyde walikuwa hawabanduki kwenye mizinga, wanazungumza. Nikifika na chai, kimya. Mara nikamkuta Clyde kwenye kabati la karatasi za watoto. Akalifunga haraka, eti anatafuta risiti ya mbegu. Clyde huyu huyu, ambaye hajawahi kutunza risiti maishani mwake! Nikahisi wananitenga ndani ya nyumba yangu.

Jumapili nilimbana Clyde kwenye matuta ya kabichi.

"Mnanificha nini?"

Akachomeka jembe ardhini. "Merridy, yule mtoto hasemi uongo. Kanitajia kijiji, kanisa, mpaka jina la punda wao. Baba yao yuko hai."

"Umejua tangu lini?"

"Agosti. Niliogopa hutastahimili kuwapoteza."

"Mimi, au wewe?"

Akaling'oa jembe akarudi kulima, nami siku mbili nililala chumba cha watoto.

Siku ya tatu nikalipigia simu lile shirika lililotuletea watoto. Yule mama aliyezoea kuniita mpenzi akasema watoto wa kule hubuni hadithi ili wajiliwaze. Kisha akaniuliza upesi upesi, "Umemwambia nani mwingine?" Mtu asiye na la kuficha haulizi hivyo.

Hobart yupo muuguzi mmoja, Zenebech, mzaliwa wa upande wa Gojjam, huko huko Ethiopia. Alipiga simu huku na kule kwa wiki nzima hadi akampata kasisi wa kijiji alichokitaja Wubit. Jana kasisi akamleta mtu kwenye simu. Anaitwa Yirsaw.

Hata yeye nilimshuku. Yeyote anaweza kujiita baba. Nikamwomba Zenebech amuulize alama ya mtoto. Akasema kovu chini ya goti la kushoto, alikatwa na mundu. Kabla Zenebech hajamaliza kunitafsiria, Wubit alishakunja suruali. Kovu hilo hapo.

Naye alitushuku sisi. Alitaka kujua kama ni sisi wenye shule. Mkewe alifariki akimzaa Getnet, na watu wa shirika walimwambia watoto wanakwenda kusoma, watarudi kila msimu wa mvua. Akaweka dole gumba kwenye karatasi zao.

"Mvua zimekwisha," alisema. "Mbona hawajaja?"

Clyde alitoka nje. Nikabaki mimi kumweleza kuwa sheria ya hapa inawaita watoto wake watoto wangu.

Tunakwenda huko Januari, sote wanne. Nini kitafuata sijui. Naogopa atawataka, na naogopa zaidi atatuonea haya asiseme.

Simu ilipokatika Wubit aliniuliza, "Sasa unaniamini?"

"Nakuamini. Nisamehe."

"Basi kamwambie Getnet. Mimi alishaacha kuniamini."

Nikaenda kumwambia, kule kwenye karoti. Alinitazama mimi, akamtazama dada yake, akamshika mkono.

Kwa hiyo, dada, waulizeni watu wa shirika lenu mama wa mtoto wenu yuko wapi, na muhuri usiwe jibu. Mkijibiwa upesi mno, ulizeni tena.

Mama usimwambie kwa sasa, nitamwambia mwenyewe. Nisalimie Keith, shangazi Beryl na binti yake Noelene. Mungu awalinde, na awape moyo wa kungoja.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye sana,
Merridy