Walivyomwimbia Wekesa

Jumapili, 9 Julai 1972. Mwezi wa saba tangu tutoke Bungoma, mimi na mwenzangu Wekesa.

Jana tulimzika hapa Voi, wakata mkonge watatu tu, bila wimbo hata mmoja.

Leo ibadani mchungaji akauliza kanisa liwatumikie watu namna gani. Wengi walitaka tangi la maji. Nikasimama nikasema, lizike vibarua wasio na jamaa.

"Huyu mgeni naye!" mzee mmoja akaguna.

Mama Mghoi wa kwaya akamgeukia. "Mzee, kwani wewe mbinguni utaingia kama mwenyeji?"

Baada ya ibada kwaya nzima ilinifuata hadi kaburini. Waliimba Kidawida, lugha ya Wataita wa huku. Sikuelewa hata neno, nililia tu.

Nitarudi nyumbani Disemba. Mamake Wekesa nitamwambia mwanawe aliimbiwa. Kwamba nyimbo zilichelewa siku moja, sitasema.