Sanduku la Wiki Moja

Juchitán, 2 Septemba

Kwako Dada Obdulia,

Shikamoo, Dada. Habari za Tijuana, habari za kiwandani, na ule mgongo umepoa? Sisi huku wazima. Mama presha yake imetulia, magoti ndiyo yale yale, mdomo ndio kwanza unapata nguvu.

Utashangaa kukuta barua chini ya totopo, vimkate vyetu vikavu vya mahindi. Usizile zote kabla hujasoma. Simu ya nyumba hii ni moja, na Mama huiweka spika barazani ili na jirani asikie. Jambo langu halitaki spika.

Dada, nataka kusafiri. Peke yangu. Novemba, wiki moja, Puerto Vallarta. Kuna mkusanyiko wa mashoga kila mwaka: wanakula pamoja, wanaogelea, wanacheza dansi, wanapiga soga, basi. Mzee mmoja wa Guadalajara, Evaristo, alikuja kwenye vela, ile sherehe yetu ya usiku kucha ya Mei, akanunua blauzi ya mahameli niliyoitarizi mimi. Sasa ameniletea mwaliko kwa posta, na jina langu limeandikwa vizuri, Delfi, si Delfino.

Nina miaka arobaini na moja na sijawahi kulala mji wa watu bila kusikia Mama akikoroma chumba cha pili. Silalamiki. Desturi ya kwetu naijua. Nilipovaa sketi ya kwanza majirani walikuja kumpongeza Mama: hongera, Herminia, umepata muxe, mvulana mwenye roho ya kike, huyu haoi wala haolewi, ndiye atakayekufumba macho. Wavulana wanaoa, wasichana wanaolewa, muxe anabaki na mama. Basi nimebaki. Naomba wiki moja tu.

Uje ukae naye. Bado sijamwambia. Jumapili akikuuliza kitu kwenye simu, wewe hujui lolote.

Mdogo wako,
Delfi


Tijuana, 16 Septemba

Kwako mdogo wangu Delfi,

Marahaba. Mimi mzima. Mgongo ndio huo, naishi nao kama mke mwenza. Totopo zimefika, nusu zimevunjika, nimekula zote hata vumbi lake. Asante.

Sasa tuzungumze. Mimi si mtoto wa jana. Tangu lini mtu wa Juchitán akaenda sherehe peke yake? Kwetu mtu huenda na shangazi yake, na viti vyake, na jirani anayemchukia. Anayekwenda peke yake ni asiye na watu, au anayetoroka. Wewe watu unao.

Huyo Evaristo ni nani? Anafanya kazi gani? Mkewe yuko wapi? Haya, hana mke, nimeelewa, lakini anaishi na nani? Mtu anakuja sherehe moja, ananunua blauzi moja, tayari anakualika ufukweni! Mimi nina maswali.

Na kuna lingine. Binamu Eusebia kanipigia, wala sikumuuliza, akaniambia umenunua sanduku. Kubwa, la zambarau, lina magurudumu. Delfi, sanduku la magurudumu kwa wiki moja? Huko ufukweni watu wanavaa makabati? Niambie ukweli. Umepata mtu? Unaondoka moja kwa moja? Kama unaondoka sema unaondoka. Usinitege nije wiki moja, halafu nistuke ndio nimeshakuwa wewe.

Dada yako,
Obdulia


Juchitán, 1 Oktoba

Kwako Dada,

Shikamoo. Sisi wazima. Salamu zimeisha.

Sanduku ni la sketi. Umesahau sketi za kwetu? Ukishaipiga wanga ile lesi ya chini ikasimama, sketi moja inataka chumba chake. Nimejaribu kuiingiza, ikabidi nikalie kifuniko ndipo likafungika. Humo ndani hamna bwana wala hamna siri. Ningekuwa natoroka ningekwenda na suruali.

Na kama ni habari ya masanduku, nyani haoni kundule. Wewe uliondoka na nini, Dada? Mfuko wa plastiki. Nguo mbili na kitana. Ukasema unakwenda kufanya kazi mpaka Pasaka. Pasaka ya tisa hiyo imepita. Mimi, mtu mwenye sanduku kubwa simshuku. Wanaoondoka na mfuko wa plastiki ndio hawarudi.

Haya, nimesema, nimepoa. Nisamehe kidogo, si sana.

Mama nimemwambia. Nilimweka Eusebia karibu, dawa ya presha mkononi, nikasema. Mama akanitazama weee, akasema, "Nenda, mwanangu. Ukaone watu." Basi! Hakulia, hakushika kifua, hakumwita marehemu Baba. Jioni akaanza kuimba. Dada, Mama anaimba! Sketi kaipiga wanga yeye mwenyewe, na magoti yale. Kanunua bata mzinga, anamnenepesha. Nikimuuliza wa nini, ananijibu bata mzinga ni ndege mzuri. Na kila siku ananiuliza juu juu, kama anayeuliza habari za mvua, "Na dada yako alisema atafika lini?" Kimya kingi kina mshindo. Mimi naogopa.

Mdogo wako,
Delfi


Tijuana, 15 Oktoba

Kwako Delfi,

Marahaba. Leo siulizi afya yako, nauliza ya Mama.

Mama anaimba? Mama huyu huyu aliyelia ulipokwenda Salina Cruz kung'oa jino? Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaishia nimekaa. Shangazi Cándida naye alianza hivi hivi. Akaimba, akagawa vyombo, akawa mpole kama maji ya mtungi, na kabla ya mvua tukamzika. Mtu mkali hawi mpole bure. Mama anaumwa, Delfi. Anaumwa na anatuficha, na hataki uwepo siku ya siku, ndiyo maana anakufungashia mizigo.

Jumapili nikamuuliza, Mama, unaumwa? Akacheka. "Nani, mimi? Mzima kama kigongo!" Halafu akasema amechoka, akakata simu. Mama kukata simu! Siku zote mimi ndiye ninayetafuta visingizio vya kukata.

Kiwandani nimewaambia nina mgonjwa nyumbani. Nakuja. Siji kwa ajili ya sherehe yako, na Evaristo wako bado sijamwamini. Nakuja kuona ninachofichwa. Likizo yangu inaniruhusu kufika Jumapili jioni, na basi lako linaondoka asubuhi, kwa hiyo tutapishana njiani. Eusebia akae naye mchana huo. Jumapili inayofuata nikukute mlangoni na sanduku lako. Usipotokea nitakufuata huko huko, na hiyo sketi nitaivaa mimi.

Dada yako,
Obdulia


Ujumbe wa simu, Puerto Vallarta, 25 Novemba

Dada, shikamoo. Ni mimi, Delfi. Namba mpya, ni simu ya safari, usianze. Mama anakula? Umeona dalili yoyote?

Nimefika salama, nimeaibika salama. Jana kulikuwa na chakula cha kuwakaribisha wageni. Nikavaa sketi, nikachomeka maua kichwani, nikaweka katoni ya bia begani kama mtu aliyelelewa, na mkono wa pili sinia la kamba wakavu. Nani anaingia kwenye sherehe ya watu mikono mitupu? Mlinzi ananiambia, "Mizigo mlango wa nyuma." Nikazunguka. Mpishi akaipokea bia, akaniwekea sahihi kwenye karatasi, akasema asante sana, akafunga mlango. Nikabaki jalalani na maua yangu, sinia mkononi, paka ananikodolea macho. Evaristo ndiye aliyekuja kunitafuta. Wamecheka mpaka wakashika mbavu. Sasa ukumbi mzima wananiita Mama Bia.

Mwanzoni niliwashuku wote. Wanatabasamu mno hawa. Nikikaa, mtu anakuja kukaa, ananiuliza jina, ananiuliza nimekula. Anataka nini? Mkoba wangu niliukalia. Kuna meza ya waliokuja peke yao, Dada, na ndiyo iliyojaa kuliko zote. Nikasema nimekuja peke yangu, wakanipigia makofi.

Lakini nikitazama ule ukumbi naona kuna kitu kimepungua, na sikijui. Halafu nikakijua. Hakuna mama hata mmoja. Kwetu vela ya muxe inajaa akina mama, wamekaa mbele, wanakula, wanasengenya nguo zetu. Huku hakuna. Nikamuuliza Evaristo, mama zenu mmewakalisha wapi? Akaniambia wa kwake hakumsemesha tangu alipokuwa kijana wa miaka kumi na tisa, mpaka mama huyo akazikwa. Wengine pale mezani wakasema nao hivyo hivyo. Akaniuliza, "Wako anajua uko hapa?" Nikamwambia, sketi hii kaipiga wanga yeye. Basi wakaja mmoja mmoja kuigusa lesi. Wanaume wazima, Dada, na ndevu zao. Nikalia pale pale, na mimi ndiye niliyeitamani hii wiki ya kumkimbia Mama.

Ndipo Evaristo akaniambia. Mwaliko haukuwa wazo lake. Siku ile ya vela, mimi nikiwa nacheza, Mama alimwita, akamkalisha, akamlisha, akamwambia, "Huyu wangu mwalikeni kwenu Novemba. Na iwe wiki nzima." Mama! Tangu Mei amekaa na neno hilo kifuani, na mimi ninakunong'onea wewe kwa karatasi chini ya totopo! Alitaka niondoke kwa nini? Mchunguze, Dada. Sina raha.

Mdogo wako,
Delfi


Ujumbe wa simu, Juchitán, 26 Novemba

Delfi, marahaba. Naandika nimejifungia bafuni. Mama anapitapita nje, anajifanya anafagia, na upepo huu wa kaskazini unaong'oa mabati nani anafagia?

Haumwi. Nimemburuta hospitali, wamempima kila kinachopimika. Daktari kasema apunguze chumvi, akamtukana daktari. Bata mzinga alichinjwa siku niliyofika. Alikuwa wangu. Nikipita mtaani kila mtu ananiambia, "Ahaa, umefika! Mama yako alitwambia Novemba." Kawaambia tangu Mei. Jana nataka kwenda sokoni, viatu sivioni. Nimevikuta kwenye pipa la mahindi, chini kabisa.

Nikamkalisha kwenye kitanda chake cha bembea. Nikamwambia, Mama, sema. Akasema, na haya hana hata tone, "Kila Krismasi nakuita. Ukiitwa huji. Mimi nimekuzaa, nakujua: wewe ukishuku jambo unakuja mbio. Basi nikaanza kuimba."

Nilitaka kukasirika, Delfi. Nilikuwa na hasira za kutosha, nimetoka nazo Tijuana. Nikalia kama mtoto. Akanivuta chini akanisuka nywele, kichwa hiki chenye mvi, akanibana vile vile kama zamani, nikapiga ukelele, akaniambia nyamaza. Na wewe usidhani alikufukuza. Alisema, "Delfi naye hajawahi kutembea. Nimeua ndege wawili, na bata mzinga wa tatu."

Evaristo nimemwamini. Mwambie hivyo, na hao wenzake wa meza yenu wape salamu za Mama. Anasema Mei ijayo waje wote, wakae naye mbele, viti vipo na mdomo wa kuwasengenya anao.

Na Jumapili usirudi. Kaa wiki nyingine.

Dada yako,
Obdulia


Ujumbe wa simu, Puerto Vallarta, 26 Novemba

Dada, salamu za Mama nimezisoma kwa sauti mezani. Hakuna aliyemaliza chakula chake.

Lakini subiri kwanza. Wewe uliyesema utanifuata na sketi utaivaa wewe, leo unaniambia nisirudi? Kiwandani je? Kuna kitu hapo. Tulipishana njiani, sikuona umeshuka na nini. Dada, hebu niambie ukweli: ulikuja na sanduku kubwa kiasi gani?

Mdogo wako,
Delfi


Ujumbe wa simu, Juchitán, 26 Novemba

Sikuja na sanduku, mdogo wangu. Nilikuja na mfuko wa plastiki.

Dada yako