Dole Gumba la Mwalimu

Mwenzangu, nimetoka kwa kadhi sasa hivi.

Niliitwa kuthibitisha ridhaa yangu. Ridhaa ya nini? Ya baba watoto kuoa mke wa pili.

Fomu ipo mezani, kaijaza mwenyewe, na chini pana alama ya dole gumba. Eti langu.

Dole gumba. Mimi, mwalimu wa miaka kumi na tisa, niliyemwandikia yeye barua ya kuombea kazi.

Mama yangu aliletewa mke mwenza akiwa jikoni, hakuulizwa na mtu. Siku hizi sheria inataka mke aitwe aulizwe mwenyewe, na huyu alidhani ni karatasi tu. Anataka wake wawili, fomu moja imemshinda.

Kadhi akamuuliza, "Mkeo hajui kuandika?"

Akajibu, "Anajua kidogo."

Kidogo. Nimekaa hapo hapo, ananisikia ninavyopumua.

Karani akanisogezea wino niweke dole. Nikamwambia, "Nipe kalamu."

Niliandika ukurasa mzima kwa nini siridhii, nikatia saini. Kadhi akampa yeye ausome kwa sauti.

Kasoma kidogo, akaomba maji.