Kila CD Imeandikwa "Bi Harusi"

Bi Kidawa mpendwa, msaada wako nauomba kabla sijakosana moja kwa moja na kaka yangu. Mimi ni mpiga picha wa shughuli za wanawake, tangu enzi za disketi naingia kwenye sherehe za harusi mabuibui yakishavuliwa na milango ikishafungwa, na picha nyingine nimezitia kwenye CD, nyingine kwenye flashi, nyingine zimo kwenye kompyuta mbovu isiyowaka mpaka uipige kofi, na kila CD nimeiandika "Bi Harusi" nikidhani nitakumbuka ni yupi, sasa sikumbuki. Humo humo amechanganyika marehemu mama yangu, maana kila shughuli nilikwenda naye na nilimpiga picha akicheka na mashoga zake, lakini tangu afariki nafungua CD mpaka macho yananiuma na nimempata mara moja tu, kageuza uso, na CD nyingine zimeanza kuota madoa, naona kama nampoteza tena. Kaka yangu Mundhir anatengeneza kompyuta Darajani, kaniambia, "Nipe kasha zima la hizo CD, ntakutilia kila kitu pahala pamoja, ukiandika jina tu picha inakuja." Nimekataa kwa sababu mle mna wake za watu vichwa wazi. Kanuna, anasema, "Mimi ndugu yako wa tumbo moja, huniamini?" Namuamini, ila picha si zangu. Nifanyeje?

Ibtisam, Malindi

Ibtisam mwanangu, Mungu amrehemu mama yako. Kumnyima Mundhir kasha umefanya sawa, usiyumbe. Wanawake wale walivua buibui mbele yako, si mbele ya kaka yako, na amana haiangalii tumbo moja. Lakini wewe nawe, miaka yote hiyo unaandika "Bi Harusi", kwani Unguja nzima aliolewa mwanamke mmoja?

Sasa jifunge kibwebwe. Mwambie Mundhir kasha humpi, ujuzi wake unautaka. Akutafutie diski kubwa, akae nawe na picha zisizo amana ya mtu, kama za watoto wenu wakitembea Matemwe, akufundishe kunakili, kubadilisha majina na kutafuta. Hatanuna tena, maana mwanamme akiulizwa anachokijua hanuni sana. Akishaondoka, funga mlango uanze na CD zenye madoa. Kila harusi ipe folda yake: mwaka, mtaa, jina la bibi harusi na la mamake. Usiyemtambua usimbahatishe. Waite mashoga wa mama yako, wapikie chai, waziangalie picha. Wanamjua kila aliyekuwepo, nguo aliyovaa na aliyemuazima. Tena walikuwa na mama yako, watakwambia alicheka harusi ya nani. Ukimaliza, nakili yote mara ya pili, tia neno la siri, nakala hiyo uiweke kwa mwanamke unayemuamini.

Mama yako mpe folda ya peke yake. Najua mkono utataka kuandika "Mama". Usiandike hivyo, kila mtu ana mama. Andika jina lake na la babake, ndilo watakalomtafutia wajukuu. Itie leo ile picha aliyogeuza uso, kisha endelea kutafuta.