Nilimsuka Akawa Mtu Mzima

Mshauri mpendwa, nakuandikia kwa furaha kwanza, hofu inafuata nyuma, nisaidie kabla ya Jumatano. Mimi ni msusi, nina saluni ya viti vitatu, na kuna binti aliyevuka mpaka peke yake, bila mama wala baba, akawa anashinda mlangoni kwangu akipiga soga mpaka tukamwita Chiriku, basi alipoitwa ofisi ya uhamiaji kuandikishwa, mteja mmoja akatutia hofu kwamba mtoto asiye na wazazi hufungiwa na kurudishwa alikotoka, bora ajiite mkubwa, na mimi kwa kiherehere changu nikamsuka rasta za kufika kiunoni, nikamchonga nyusi, nikampaka wanja, nikamwazima viatu vyangu vya kisigino, akatoka mwanamke kamili hata nikajipongeza, na ofisa akaandika miaka kumi na tisa bila kuuliza mara ya pili!

Kumbe tumejitia kitanzi wenyewe. Wamempeleka hosteli ya watu wazima, analala na viatu miguuni kwa woga, shule hakuna, na Jumatano faili lake linasikilizwa kama la mtu mzima. Sasa sikia! Jana bibi yake amepatikana kwa simu, katuma picha ya kadi ya kliniki, tarehe ya kuzaliwa inasomeka vizuri, Chiriku ana miaka kumi na minne! Saluni nzima tulipiga vigelegele, mteja akaruka na dawa kichwani, Chiriku analia huku anacheka, "Shangazi, kumbe nitarudi darasani!" Ila nikipeleka kadi wataniuliza nani alimfanya mkubwa, na nikinyamaza nafsi inanisuta. Hakuna njia ya kuipeleka bila mimi kutajwa?

Msusi

Msusi wewe! Nimepiga meza kwa furaha, halafu nikatamani kukuvuta sikio. Kadi imepatikana, na wewe unatafuta pa kujificha? Kadi bila maelezo yako wataiita ya kughushi, maana faili lina mwanamke wa miaka kumi na tisa, na ni wewe tu unayejua alitokea wapi.

Huyo mteja wako aliwaletea maneno ya mtaani. Mtoto aliyefika peke yake katika nchi ya watu ana haki ya kupewa msimamizi wa kumsemea, wakili, mkalimani, shule, na kulala penye watoto wenzake. Hayo yote ulimvua siku ile ulipomvisha visigino. Najua ulifanya kwa mapenzi, lakini ulifanya.

Leo hii, si Jumanne, nenda naye kwenye shirika la msaada wa kisheria kwa wakimbizi. Wape picha, na bibi aitume kadi yenyewe. Wakili aombe binti ahamishwe hosteli na umri wake uangaliwe upya, na shaka ikiwepo ahesabiwe mtoto. Wewe andika maelezo ya kila kitu mpaka wanja, wakili ayasome kwanza. Uhamiaji watakugombeza, pengine na zaidi, lakini hutakuwa peke yako kama alivyokuwa yeye. Na muulize Chiriku mwenyewe anataka kusema nini, maana bado hakuna aliyemuuliza, hata wewe.

Ukitoka huko, mkalishe kwenye kiti. Fumua rasta zote, futa wanja, msuke mistari ya shule. Nyusi zitaota zenyewe. Jumatano mwende pamoja, na safari hii avae viatu vyake.