Shina Lililobaki Kwetu

Mujukuu wangu Neema,

Siye huku Bunia tuko wazima. Mama yako mudogo amehamia Komanda, anauza mikate pale malori yanaposimama.

Unaniuliza kama majani unayolea ndani ya sanduku la kioo la kufugia samaki yatakufa ukiyakata. Siku tulipokimbia kutoka Djugu, nikiwa musichana, nilianza kung'oa viazi vitamu vyetu na mizizi yote. Mama akanishika mukono: "Weye, acha mizizi! Kata ncha tu, chini ya kifundo, pale jani linapotokea." Akazifunga katika kitambaa chenye maji. Tulipozipanda hapa, vifundo vikatoa mizizi.

Basi kata, uchomeke kifundo ndani ya muchanga. Na shina linalobaki usiling'oe. Miaka mingi baadaye nilirudi kwetu. Nyumba haikuwepo tena, lakini majani ya vile viazi yalikuwa yamefunika kiwanja chote.

Koko wako